Kukausha na kuhifadhi mawe ya kunolea ya maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapishi, wachinjaji, mafundi seremala, vinyozi na yeyote wa Dar es Salaam anayenoa kwa jiwe la maji. Mawe haya hayafi kwa kunolea. Jiwe namba 1000 (namba kubwa zaidi ina maana ya chembe laini zaidi) linalotunzwa hudumu miaka mingi hata kwenye jiko la biashara. Yanayoharibika huharibika zaidi ndani ya saa chache baada ya kazi: limeanikwa juani, limefungiwa kwenye boksi likiwa bichi, au limesahauliwa kwenye ndoo. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo kwa namna moja au nyingine.

Nitajuaje kama jiwe langu ni la maji au la mafuta?

Chukua jiwe kavu, udondoshee matone matatu ya maji. Jiwe la maji lenye vinyweleo huyanywa ndani ya sekunde chache, na ukilizamisha hutoa mapovu. Maji yakibaki juu kama yalivyodondoka, una jiwe gumu lisilonyonya, au jiwe lililokwisha kushiba mafuta.

Jiwe la kijivu lenye pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, linalouzwa kwa wingi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo, kwa kawaida ni la silikoni kabaidi. Hilo linakubali maji au mafuta, lakini chagua kimoja. Likishaingia mafuta, maji hayatapenya tena vizuri, na mengi ya yaliyoandikwa hapa hayatalihusu.

Kwa nini mnasisitiza nijue jiwe limefungwa na nini?

Kwa sababu chembe zinazonoa hazikai pamoja zenyewe. Kuna kitu kinachozishika, na hicho ndicho kinachoamua kama jiwe lizamishwe, likaushwe vipi, na lioshwe kwa nini. Kwa mtumiaji wa kawaida yapo makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mawe ya seramiki yaliyochomwa tanurini. Mawe ya chapa ya King namba 800, 1000 na 1200 yanajulikana sana katika kundi hili. Yana vinyweleo vingi, yanahitaji kuzamishwa dakika 10 hadi 15 mpaka mapovu yaishe, na maji hayayayeyushi. Haya ndiyo mavumilivu kuliko yote. Tatizo lao ni kwamba hubeba maji mengi tumboni, hivyo huchelewa kukauka.

Kundi la pili ni mawe ya magneshia. Kinachoyashika ni aina ya saruji aliyoibuni Mfaransa Stanislas Sorel mwaka 1867, na udhaifu wa saruji hiyo unajulikana tangu zamani: ikikaa majini muda mrefu, chumvi zake huchujika na kutoka, nayo hulegea. Chapa ya Naniwa Professional, ambayo zamani iliitwa Chosera, iko humu. Jiwe la namna hii hunyunyiziwa maji tu wakati wa kunoa, au huzamishwa dakika 5 na si zaidi ya 10. Ukiliacha kwenye ndoo usiku kucha, uso wake hulainika, na likikauka hutoa nyufa ndogondogo zilizotapakaa.

Kundi la tatu ni mawe ya rezini, yaani gundi ngumu kama plastiki, kwa mfano Naniwa Super Stone. Rezini hunyonya maji taratibu na kuvimba. Jiwe likikaa majini kwa saa nyingi huwa laini mno, kisu huchimba badala ya kuteleza, na linapokauka hupinda.

Chapa ya Shapton Kuromaku, ambayo wapishi wengi huipenda kwa sababu haihitaji kusubiri, itunze kama mawe ya kunyunyizia maji: isikae majini.

Kama boksi limepotea na hujui kundi lako, lichukulie kuwa ni la magneshia. Jiwe la seramiki halitadhurika kwa kutunzwa kwa uangalifu uliozidi. La magneshia litadhurika kwa kutunzwa kama la seramiki.

Nimemaliza kunoa sasa hivi. Nifanye nini, kwa mpangilio gani?

Anza kwa kusawazisha uso kama umeanza kubonyea katikati. Fanya hivyo jiwe likiwa bado bichi, kwa sababu tope linalotoka huoshwa mara moja pamoja na vumbi la chuma lililoziba vinyweleo. Kusawazisha jiwe kavu huzibua kidogo na kutimua vumbi jingi, ambalo si zuri kwa mapafu.

Kisha lioshe kwenye maji yanayotiririka kwa dakika moja hivi, ukisugua pande zote sita kwa brashi laini ya nailoni. Brashi ya waya usiitumie. Wengi husugua uso wa kunolea peke yake na kusahau mbavu, wakati tope huteremka huko na kukauka likiwa gumu. Osha jiwe laini kabla ya jiwe la kukwaruza, au tumia maji mapya kwa kila moja. Chembe moja ya jiwe namba 220 ikinasa kwenye namba 6000 itakuchorea mstari kwenye makali kila unapopita, na kuitafuta ni kazi ya nusu saa.

Sabuni si lazima. Kama ulinoa kisu chenye mafuta ya nyama au shombo ya samaki, matone mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo yanatosha, kisha suuza mpaka povu liishe kabisa.

Baada ya hapo lifute kwa kitambaa cha pamba. Kipande cha kanga kuukuu kinafaa sana. Shikiza kitambaa kwenye kila upande kwa sekunde kama 10 ili kinyonye, bila kusugua. Halafu lisimamishe lipate hewa.

Likae wapi, na kwa muda gani, kwa hali ya hewa ya Dar?

Lisimamishe kwa ubavu mwembamba, juu ya kichanja cha vyombo au vijiti viwili vya mbao, ili uso wa juu na wa chini vyote vipate hewa sawasawa. Likilazwa kwenye meza au marumaru, upande wa chini hubaki bichi wakati wa juu umekauka. Mawe membamba na ya rezini hupinda kwa ajili hiyo, na yale yenye vinyweleo hupata kuvu upande uliofichika.

Pawe kivulini, chumbani au barazani, umbali wa mita moja au zaidi kutoka jikoni penye moto. Chini ya bati lisilo na dari hapafai mchana hata kama jua halifiki, kwa sababu joto hushuka kutoka juu.

Muda hutegemea kundi na msimu. Kati ya Juni na Agosti, wakati wa kipupwe, jiwe la seramiki lenye unene wa sentimita 3 hukauka kwa siku mbili hadi tatu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, asubuhi nyingi hewa huwa imeshiba unyevu, na jiwe lilelile linaweza kuchukua siku nne au tano. Mawe ya kunyunyizia maji hukauka kwa saa 12 hadi 24 wakati wa kiangazi, na siku mbili mvua zikiwa nyingi.

Kuchelewa huko kusikutie wasiwasi. Jiwe linalokauka polepole linakauka vizuri. Kinachohitajika masika ni hewa inayotembea, na dirisha lenye wavu linatosha.

Kwa nini nisilianike juani dakika 20 tu nimalize kazi?

Jua la Dar saa sita mchana hukausha ngozi ya jiwe kabla tumbo halijapata habari. Ngozi ikikauka husinyaa, wakati ndani bado pamevimba kwa maji. Nguvu hizo mbili zikivutana, jiwe hupasuka pale lilipo dhaifu, mara nyingi kwenye kona au kwenye mstari wa gundi. Mawe ya magneshia na rezini huathirika kwanza. La seramiki linaweza kuvumilia mara kadhaa ukadhani hakuna shida.

Mantiki ni ileile kwa tanuri, mashine ya kukaushia nywele, na kuliweka juu ya friji karibu na bomba la nyuma lenye joto. Friza nayo isahau kabisa: maji yaliyomo ndani yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kulipasua jiwe kutoka ndani.

Feni na kiyoyozi je?

Feni ya dari, au ya kusimama inayozunguka, iliyo umbali wa mita mbili au tatu haina ubaya, na wakati wa masika ni msaada mkubwa. Feni iliyoelekezwa moja kwa moja kwenye uso mmoja wa jiwe ni tatizo, kwani upande huo hutangulia kukauka. Chumba chenye kiyoyozi hukausha haraka kwa sababu kiyoyozi huondoa unyevu hewani. Kwa jiwe la seramiki sawa. Kwa la magneshia, lizungushie kitambaa kikavu cha pamba kwa siku ya kwanza ili lisikimbizwe, na lisikae chini ya mkondo wa hewa baridi.

Nitajuaje limekauka hadi ndani?

Rangi hudanganya. Uso unaweza kupauka siku ya kwanza na ndani bado kukawa na maji siku tatu baadaye. Njia ya uhakika ni mizani ya jikoni. Siku jiwe likiwa jipya na kavu, lipime na uandike uzito wake kwa penseli kwenye ubavu. Tuseme ni gramu 620. Baada ya kulizamisha litasoma labda 740. Likirudi 620, au likibaki na tofauti ya gramu mbili tatu ambayo haibadiliki kwa siku mbili mfululizo, limekauka. Tofauti hiyo ndogo ni unyevu wa hewa ya pwani, na masika haitoki.

Bila mizani, lishikize shavuni. Jiwe lenye maji ndani huhisiwa baridi kuliko lililo kavu, kwa sababu bado linavukiza.

Nyumbani tunatumia maji ya kisima yenye chumvi. Yanaharibu jiwe?

Yanaharibu polepole, na swali hili linastahili kuulizwa zaidi ya linavyoulizwa. Visima vingi vya Dar, hasa maeneo ya karibu na bahari, hutoa maji ya chumvi au maji magumu yenye chokaa. Unapokausha jiwe, maji huondoka lakini chumvi haiondoki. Husafiri na maji mpaka karibu na uso, hugeuka kuwa fuwele ndani ya vinyweleo, na fuwele hukua zikisukuma kuta za vinyweleo hivyo. Ni kama ukuta wa nyumba ya pwani uliojengwa kwa mchanga wa chumvi: plasta huvimba, hutoa unga mweupe, kisha humenyuka. Jiwe nalo hutoa unga huohuo mweupe, na baada ya miezi uso wake huanza kupukutika.

Kuna hasara ya pili. Chumvi huvuta unyevu wa hewa, kwa hiyo jiwe lenye chumvi halikauki kikamilifu masika. Na visu utakavyonoa juu yake vitapata kutu haraka.

Si lazima kunolea maji ya bomba. Nolea maji uliyonayo, ila suuza ya mwisho iwe ya maji yasiyo na chumvi. Lita moja kwa jiwe inatosha. Maji ya bomba ya DAWASA yanafaa, na klorini iliyomo ni kidogo mno kudhuru jiwe. Maji ya mvua, baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, ni mazuri zaidi. Hata maji yanayodondoka kwenye bomba la kiyoyozi ni mazuri kwa kazi hii, kwa kuwa ni mvuke uliopoa na hauna chumvi. Wengi huyamwaga bure.

Kama jiwe la seramiki limeshajaa chumvi, lizamishe kwenye lita mbili za maji ya mvua kwa dakika 30, mwaga, rudia mara tatu. La magneshia usilizamishe. Lifute kwa sponji yenye maji safi, mara kadhaa kwa siku tofauti.

Natumia jiwe kila siku. Kwa nini nisiliache kwenye ndoo ya maji moja kwa moja?

Kama ni la seramiki, unaweza, na kwa jiko la hoteli ni utaratibu wenye akili: jiwe liko tayari wakati wowote, na halipitii kuvimba na kusinyaa kila siku. Kama ni la magneshia au rezini, hapana.

Ndoo iwe na kifuniko kinachofunga. Aedes, mbu anayeeneza homa ya dengi, hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji yaliyotuama majumbani, na Dar es Salaam imepata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Yai huchukua wiki moja hadi siku 10 hivi kuwa mbu anayeruka, kwa hiyo maji yabadilishwe angalau kila siku tano, na kuta za ndani za ndoo zisuguliwe, kwa sababu mayai hugandishwa kwenye ukingo wa maji.

Mawe ya namba tofauti yasikae ndoo moja. Na ukiona utakaa wiki mbili bila kunoa, litoe, ulikaushe kwa utaratibu.

Maji ya ndoo yameanza kunuka na yana utelezi.

Hao ni bakteria wanaokula mabaki ya chakula yaliyotoka kwenye visu. Mwaga, sugua ndoo na jiwe, kisha weka maji mapya yenye klorini ya kufulia kama JIK: kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji, jiwe likae dakika 15, halafu suuza kwa maji yanayotiririka dakika mbili. Dozi hii ni ya mawe ya seramiki tu. Usichanganye klorini na siki wala ndimu kwa hali yoyote; mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Osha visu vizuri ukinolea baadaye, maana klorini huleta kutu hata kwenye chuma kisichoshika kutu kirahisi.

Jiwe langu lina madoa meusi na ya kijani. Ni kuvu? Limekufa?

Mara nyingi ni kuvu, na halijafa. Kuvu hula mafuta na mabaki ya chakula, si jiwe. Madoa ya juu huondoka kwa kusawazisha uso, kwani unapunguza sehemu ya milimita tu. Yaliyo mbavuni yasugue kwa brashi na sabuni. Jiwe la seramiki hukubali pia dozi ya klorini iliyoelezwa hapo juu. Kisha ulikaushe kikamilifu kabla ya kulirudisha kwenye boksi, na boksi nalo lioshwe, la sivyo madoa yatarudi.

Siki na ndimu watu huzikimbilia kwa sababu ndizo dawa ya shombo jikoni. Kwa jiwe la magneshia ni balaa: asidi huyeyusha saruji inayolishika, na uso hulegea palepale.

Na madoa ya rangi ya machungwa?

Hiyo ni kutu ya vumbi la chuma ulilolinoa, lililobaki kwenye vinyweleo. Haidhuru chochote. Ukiosha vizuri baada ya kila kazi halitakuwepo, na lililopo litaondoka ukisawazisha.

Jiwe langu lina pande mbili, 1000 na 6000. Nitunze upande upi?

Ulio dhaifu. Kwenye mawe ya namna hii, pande mbili mara nyingi hazifungwi kwa kitu kimoja, na zimeunganishwa kwa gundi katikati. Upande wa 1000 unaweza kuhitaji kuzamishwa wakati wa 6000 hunyunyiziwa tu. Tumia bakuli lenye maji yanayofika chini ya mstari wa gundi, ulaze jiwe upande wa 1000 ukiwa chini. Unapokausha, lisimamishe kwa ubavu, kwa sababu pande hizi husinyaa kwa mwendo tofauti na mstari wa gundi ndio unaoumia. Mstari ukianza kufunguka kama unene wa ukucha, acha likauke wiki nzima, jaza gundi ya epoksi, libane kwa saa 24.

Limegundishwa kwenye kibao. Nikitoe?

Kibao hunyonya maji na kuyarudisha kwenye jiwe kwa siku kadhaa. Pia huvimba, hupinda, na hukaribisha kuvu. Kama kimeanza kuachia chenyewe, kimalizie kwa uzi mwembamba wa kuvulia samaki uliovutwa kama msumeno. Kama bado kimeshika imara, kiache, usilitie jiwe lote majini, na likaushe uso ukiwa chini juu ya vijiti ili kibao kipate hewa. Mpira wa kuzuia jiwe lisiteleze ni bora kuliko kibao. Kitambaa kibichi chini ya jiwe pia kinafanya kazi hiyo.

Nimeona nyufa nyembamba. Nitupe?

Zitazame kwanza. Pitisha ukucha juu ya ufa. Ukucha usipokwama, makali nayo hayatakwama, na jiwe litafanya kazi miaka. Paka vanishi ya mbao mbavuni na chini, tabaka mbili, usiguse uso wa kunolea. Itapunguza maji yanayoingia na kutoka kwa ghafla.

Ukucha ukikwama, ufa unapita katikati na mara nyingi jiwe litatengana. Lining'inize kwa vidole viwili na uligonge taratibu kwa kiungo cha kidole. Jiwe zima hulia. Lililopasuka ndani hutoa sauti butu.

Limeanguka kwenye marumaru likakatika vipande viwili.

Likaushe kabisa kwanza, siku tano au zaidi, kwa sababu gundi haishiki jiwe bichi. Safisha sehemu zilizovunjika kwa brashi kavu, paka epoksi ya mirija miwili kama Araldite kwa tabaka jembamba, na usifike karibu na uso wa kunolea kwa milimita tatu. Gundi ikikauka kwenye uso huo ni ngumu kuliko jiwe na itaacha alama kwenye kisu. Baada ya saa 24, lisawazishe. Vipande vidogo vya pembeni usivihangaikie. Vitafaa kunolea patasi nyembamba, ndoana na ncha za mikasi.

Mnasema kusawazisha. Kwa kutumia nini?

Chora miraba kwa penseli juu ya uso, usugue mpaka mistari yote iishe. Sahani ya almasi namba 140 hadi 400 ndiyo ya haraka. Njia ya bei nafuu ni msasa wa maji namba 120 kwa jiwe namba 1000 na chini yake, au namba 320 kwa mawe laini zaidi, uliobandikwa kwa maji juu ya kioo kinene au marumaru iliyonyooka. Malizia kwa kukata kingo kwa nyuzi 45, upana wa milimita mbili. Kingo kali humeguka zikikauka, na vipande vyake huingia kwenye uso wa kunolea.

Sahani ya almasi nayo ioshwe na ifutwe ikauke siku hiyohiyo. Sahani yenyewe ni chuma, na hewa ya chumvi ya Kigamboni au Mbezi Beach haiisamehi.

Likishakauka, nilihifadhi ndani ya nini?

Boksi la karatasi lililokuja nalo linatosha, mradi liwe kabatini na si sakafuni. Boksi la plastiki liwe na matundu. Kama halina, toboa manne kila upande kwa msumari uliopashwa moto. Shapton Kuromaku huja na kasha lenye matundu ambalo pia ni kishikio. Soksi ya pamba ni mfuko mzuri kuliko wanavyodhani watu. Gazeti linafaa kwa jiwe kavu, lakini kwa jiwe bichi wino utahamia.

Usipange mawe yakigusana uso kwa uso, wala usiyaweke sanduku moja na tupa, misumari au vumbi la mbao.

Nanoa kazini na kulibeba jiwe kwenye bodaboda au daladala. Halipati nafasi ya kukauka.

Lifunge kwenye kitambaa cha pamba kilichokamuliwa, ndani ya chombo chenye matundu, mbali na visu. Safari ya saa moja au mbili bila hewa haina shida. Shida ni kulikuta hivyo kesho yake asubuhi. Ukifika nyumbani lifungue kabla ya kula. Kwa kazi ya kuhamahama, kwa mfano fundi anayezungukia mabucha ya Vingunguti au wauza samaki wa Feri, jiwe la kunyunyizia maji ni uamuzi bora kuliko la kuzamisha: unabeba chupa ya nusu lita badala ya ndoo.

Mawe ya asili yanakaushwa tofauti?

Kidogo. Mengi yana tabaka, na maji yakipenya kati ya tabaka kisha yakakauka haraka, hubanduka kama vipande vya kaki. Usiyazamishe, yanyunyizie tu. Mbavu na chini yapakwe vanishi. Yakaushe polepole kuliko yote, ndani ya kitambaa kwa siku ya kwanza.

Jiwe limekaa kabatini mwaka mzima. Nianze vipi?

Litazame kama lina ufa au unga mweupe, uligonge usikie sauti yake. La seramiki lizamishe mpaka mapovu yaishe. Baada ya mwaka linaweza kuchukua dakika 20. La magneshia au rezini linyunyizie, lisubiri dakika tatu, linyunyizie tena. Uso wa juu mara nyingi huwa mgumu na unateleza bila kukata. Sawazisha kidogo, mpaka litoke tope la rangi yake ya kawaida, ndipo ulete kisu. Jaribu kwanza na kisu cha kazi za kawaida, si kile cha kukatia samaki wabichi ulichokinoa wiki iliyopita.